Daktari Mchanga na Wazee Wake Wawili

Kuna swali ambalo mgonjwa wa kwetu Burundi hana kawaida ya kuliuliza, ama kwa adabu ama kwa woga: kijana huyu aliyevaa koti jeupe, ameshakuwa daktari au bado anajifunza? Analimeza swali lake, ananyoosha mkono apimwe presha, na mambo yanaendelea. Ukifika hospitali ya Gitega usiku, au ile ya Muyinga, usishangae ukipokewa na daktari tarajali, au mwanafunzi wa miaka ya mwisho aliyeletwa kutoka Bujumbura kwa mafunzo, au daktari aliyehitimu juzijuzi tu. Kwa hiyo jibu la swali lile ni yote mawili: ni daktari, na bado anajifunza. Hilo halinisumbui, kila fundi alianza hivyo. Linalonisumbua ni nani anamfundisha, na anamfundishia wapi.

Hali yenyewe unaijua. Takwimu za Shirika la Afya Duniani kwa miaka mingi zimeiweka Burundi chini ya daktari mmoja kwa kila watu 10,000. Na hao wachache wamerundikana Bujumbura, kwenye hospitali kubwa, kliniki za binafsi na ofisi za mashirika. Vita vilivyoanza 1993 viliwapeleka wengi nje ya nchi, na vilipokwisha, mishahara ikaendelea na kazi ileile ya kuwasindikiza mpakani. Mikoani wamebaki vijana. Mama anabebwa kwenye machela usiku wa manane, anafikishwa hospitali ya wilaya isiyo na bingwa wa uzazi, na anayeshika kisu ni daktari wa kawaida, pengine mwenye umri wa mdogo wako wa mwisho. Kwingineko upasuaji ule ungesubiri bingwa. Kwetu ni wa aliye zamu.

Sasa twende Kibuye, kusini mwa mji wa Gitega. Pale kuna hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa kanisa la Methodisti Huru mwaka 1946. Leo inaitwa Kibuye Hope Hospital, na ni hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu cha Hope Africa cha Bujumbura. Mwaka 2013 kundi la madaktari bingwa kutoka Marekani lilihamia pale na familia zao, na kazi yao kubwa ikawa kufundisha vijana wa Kirundi. Mmoja wao, mpasuaji Jason Fader, alipata tuzo ya L'Chaim ya dola 500,000 mwaka 2016, fedha zikaingia katika kupanua hospitali. Sitaki kuwasifu wageni kupita kiasi. Warundi waliofundisha Warundi wenzao wakati wa vita, bila tuzo na mara nyingine bila mshahara, hawakupigwa picha. Lakini wale wa Kibuye walifanya jambo moja ambalo wataalamu wengi wanaotutembelea hawalifanyi. Walikaa. Mwanafunzi aliyeambiwa jambo Jumatatu aliulizwa jambo hilohilo Alhamisi, na mtu yuleyule.

Ulezi wa daktari unaonekanaje kwa macho? Tuchukue asubuhi ya kawaida kwenye wodi yoyote ya watoto. Tarajali anasimama mbele ya kitanda na kusoma kwa Kifaransa kilichonyooka: mtoto wa miezi 20, miguu imevimba, nywele nyepesi zimegeuka nyekundu, utapiamlo mkali. Yote sahihi. Mlezi wake, daktari mkubwa anayemfundisha, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza: jana jioni, kabla ya kuletwa hapa, mtoto huyu alikula nini? Kijana anafunua faili. Faili halina jibu. Mlezi anavuta kibao, anakaa usawa wa mama, anamuuliza kwa Kirundi. Mama anaeleza polepole. Maharage yaliuzwa kulipa deni. Mtoto aliachishwa ziwa mimba nyingine ilipoingia. Wanakula mihogo tu. Tarajali anaandika haraka, na bila kuambiwa amekwisha kuelewa kwamba lishe ya wodini itamnyanyua mtoto huyu, na kwamba asipopatikana mtu wa kumfuatilia nyumbani, mwezi ujao atalala kwenye kitanda kilekile.

Swali lile moja linahitaji muda, na muda ndicho kitu ambacho mlezi hana. Nitarudi hapo.

Gitega ina mfano mwingine, wenye uchungu zaidi. Julai 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Urumuri kwenye hospitali ya mkoa, kutibu fistula bila malipo. Unaijua fistula, msikilizaji. Uchungu wa kuzaa unachukua siku mbili, tatu, kichwa cha mtoto kinagandamiza nyama za njia ya uzazi mpaka zinakufa, tundu linabaki, na mama anavuja mkojo mchana na usiku. Mume anahama chumba. Majirani wanahama benchi kanisani. Kulishona tundu lile ni kazi ngumu inayojuliwa na wapasuaji wachache duniani, nao walikuja Gitega kwa zamu, wakitibu huku wakifundisha madaktari wa hapa. Hakuna anayejifunza kushona fistula kwenye semina ya siku tatu hotelini, hata chakula kiwe kizuri namna gani. Unasimama ubavuni mwa anayejua, unashika vifaa, unapewa sehemu rahisi, unakosea akiwapo, anakurekebisha.

Wagonjwa wale hawakutoka siku ya pili. Kidonda cha namna ile kinataka wiki kadhaa, na katika wiki hizo wanawake huzungumza. Daktari kijana aliyewapa sikio alisikia ambayo chumba cha upasuaji hakiyasemi: mama mkwe aliyesema tusubiri kupambazuke, njia isiyopitika mvua ikinyesha, na hofu ya bili. Hofu hiyo ina historia. Kabla ya Mei 2006, serikali ilipotangaza kwamba uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano yatakuwa bure, hospitali za Burundi zilikuwa zikiwazuia wagonjwa walioshindwa kulipa, wazazi na vichanga vyao wakiwamo. Human Rights Watch waliiandikia hali hiyo ripoti nzima mwaka huohuo. Mtu aliyeona shangazi yake akishikiliwa wodini hasahau kwa sababu tu tangazo limesomwa redioni, na nasema hivi mimi ninayekula kwa redio.

Mambo hayo ya njia, mkwe na bili hayafundishwi na bingwa, mzee wa kwanza wa daktari mchanga, maana bingwa naye hayajui. Anayajua mzee wa pili, yule wa mlimani.

Mrundi wa mashambani haishi kwenye nyumba zilizobanana. Anaishi mlimani, katika rugo lake, boma la familia, jirani yuko ng'ambo ya migomba. Na kila mlima una watu waliochaguliwa na wenzao kufuatilia afya, tunaowaita abaremeshakiyago, ndio wahudumu wa afya ya jamii. Wengi ni wakulima kama majirani zao. Wanajua nani ana mimba anayoificha, nani amekatiza dawa za kifua kikuu, chandarua cha nani kimegeuzwa uzio wa kuku. Muyinga ni miongoni mwa sehemu ambako wahudumu hawa wamefundishwa kupima malaria kwa tone la damu na kumpa mtoto mdogo dawa hukohuko nyumbani. Machi 2017, serikali ilipotangaza kwamba malaria imekuwa janga la nchi nzima, foleni ya kwanza haikuwa hospitalini. Ilikuwa mlangoni kwa watu hawa.

Sasa tuseme mwanafunzi wa udaktari yuko Muyinga. Analetewa mtoto mwenye homa, hataki kunyonya. Anamulika kooni kwa tochi. Kimeo kimekatwa. Kisu cha mganga wa kienyeji, siku chache zilizopita. Kijana anapandwa na hasira, na hasira yake ina sababu, maana mtoto aliyekatwa kimeo anaweza kufa kwa kutoka damu au kwa kidonda kuoza. Anamfokea mama mbele ya foleni. Mama anainamisha kichwa, anapokea dawa, anaondoka. Kijana anaamini ametoa elimu ya afya. Walichosikia walio kwenye foleni ni kwamba ukishapita kwa fundi wa vimeo usithubutu kuja hapa. Mtoto mwingine atafia nyumbani, na jina lake halitaingia kwenye daftari lolote.

Mhudumu wa mlima ule angemwambia kijana mambo mawili kabla hajafungua kinywa. La kwanza, aliyeamua kimeo kikatwe ni bibi upande wa baba, mama hakuulizwa. La pili, mkataji ni mtu wa heshima, yumo katika kila msiba na kila harusi, kwa hiyo bango la kumkataza halitafika popote. Ukimwendea nyumbani kwake, ukakaa, ukamwomba akupe taarifa kila anapoletewa mtoto mwenye homa, umepata pa kuanzia. Hili halimo kitabuni. Na ukimpeleka kijana mlimani kwa nusu siku hatalipata.

Lakini tumtendee haki kijana. Kufokea alikujifunzia wapi? Muulize aliyepitia mafunzo ya udaktari popote Afrika Mashariki akusimulie kikao cha asubuhi: tarajali amesimama, hajalala, anaeleza kifo cha usiku, na mkubwa wake anamvua nguo kwa maneno mbele ya wauguzi. Somo analolipata mapema ni kuficha. Akikosea dozi, anafuta. Asipojua, ananyamaza. Akizidiwa usiku hapigi simu, kwa sababu mara ya mwisho aliyepiga aliulizwa kama chuoni alikuwa akisoma au akilala. Saa moja baadaye yuko mbele ya mama mwenye mtoto aliyekatwa kimeo, naye anampitishia kile alichopewa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba ulezi wa madaktari ni suala la hospitali na ushirikishaji wa jamii ni suala la mashirika, kila moja na bajeti yake na gari lake, mimi nasema hajakaa kwenye foleni. Namna daktari mkubwa anavyomsemesha mdogo asubuhi ndiyo namna mama atakavyosemeshwa mchana.

Wenzetu walishaanza zamani kuwapeleka wanafunzi kwa jamii. Makerere walikuwa na kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mahali pa wanafunzi kujifunza udaktari wa jamii. Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, kilipopokea kundi lake la kwanza la udaktari mwaka 1990, kiliyaweka mafunzo ya vijijini ndani ya mtaala, na Makerere nayo ikaanza mpango wa aina hiyo mwaka 2003. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mafunzo hayo ni somo, lina mtihani wake. Kwetu jamii bado inafanywa kuwa jambo la hiari, la wale wenye moyo, hasa Jumamosi.

Na Jumamosi hizo umeziona. Gari jeupe linapanda mlima, fulana mpya zenye nembo, hema, spika inayopiga kelele. Kufikia saa nane mchana wameshapima presha za mamia ya watu. Wanapiga picha, wanaondoka. Mwenye presha ya 190 anabaki na kikaratasi mkononi, na hakuna anayejua jina lake isipokuwa mremeshakiyago, ambaye fulana zilikwisha kabla ya zamu yake.

Kuna habari ya Mutaho ambayo kila tarajali wa Gitega angestahili kuijua. Oktoba 1993 mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Burundi, Deogratias Niyizonkiza, alikuwa katika mafunzo kwenye hospitali ya Mutaho, mkoani humuhumu, mauaji yalipofumuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Alinusurika, akakimbia kwa miguu, mwishowe akafika New York bila kujua Kiingereza. Mwandishi Tracy Kidder aliisimulia safari hiyo katika kitabu kilichotoka 2009. Mimi nakipenda zaidi kipande cha kurudi. Alikwenda Kigutu, kusini mwa nchi, waliko wazazi wake, na kliniki ikafunguliwa 2007. Barabara ya kupanda kule gari halikuiweza. Wakazi wakaitengeneza wenyewe kwa majembe. Watu waliochimba barabara ya kwenda kwa daktari wana haki ya kumuuliza amechelewa wapi, na nakuhakikishia wataitumia. Daktari kijana anayefanya kazi mahali anapoulizwa namna hiyo anakua haraka.

Muyinga ina sababu zake za ziada za kutaka daktari wa namna hiyo. Tangu mgawanyo mpya wa mikoa wa 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, lakini kwa mfanyabiashara na kwa virusi ni palepale: njia ya Kobero, mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ni Ngara, mkoa wa Kagera, na Kagera ilipatwa na ugonjwa wa Marburg Machi 2023, kisha tena Januari 2025. Kipimajoto cha mpakani kina kazi yake, sikidharau. Ila ugonjwa wa aina ile hugunduliwa mapema pale mtu wa mlimani anapomwamini daktari kiasi cha kumpigia simu kwamba kwa jirani kuna msiba usioeleweka. Simu hiyo haipigwi kwa mtu aliyekufokea juu ya kimeo.

Halafu kuna kambi ya Kinama, huko Gasorwe, yenye Wakongo waliokimbia makwao. Kijana amesoma kwa Kifaransa, kwao anazungumza Kirundi, na mbele yake amekaa mama wa Kivu ya Kusini anayeeleza maumivu kwa Kiswahili cha Kongo: inaniluma hapa, inapanda, inashuka. Anayeweza kumsaidia ni muuguzi wa Kiislamu wa mjini Muyinga aliyekulia katika Kiswahili, au mkimbizi mwenzake anayefanya ukalimani bila malipo. Hao nao ni walimu, ingawa sijaona chuo kinachowaita hivyo.

Nikiwa bado Muyinga, niruhusu nichepuke. Kuna maktaba pale, ilikamilika 2012, kazi ya wasanifu vijana wa BC Architects kutoka Brussels, sehemu ya shule iliyokusudiwa watoto viziwi. Kabla ya kuchora walizunguka kutazama nyumba za watu zimejengwaje. Matofali ni ya udongo wa hapohapo, na ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za katani zilizosokotwa na mafundi wa hapa, watoto wanalala juu yake wakisoma. Sasa kama msanifu wa Ulaya alikubali kufundishwa na fundi wa udongo wa Muyinga, daktari wetu anashindwa nini?

Najua atakayenipinga ni nani. Ni mkurugenzi wa hospitali, na ana hoja. Atasema: nina vijana wawili wa kulinda wodi nne, unataka niwapeleke mlimani kunywa urwarwa, pombe ya ndizi, na wazee? Nakubali, hesabu ni ngumu. Na kuna hatari kubwa zaidi ambayo hakuitaja, kwamba programu hizi za kuwapeleka vijana mlimani zinaweza kuwa njia nzuri ya kuziba pengo la madaktari kwa vijana wasiolipwa. Kijana asiye na mlezi, akapelekwa kituo cha mbali peke yake kwa jina la kushirikisha jamii, huyo ametupwa, na wagonjwa wake wametupwa pamoja naye. Pasipo mlezi wa kupigiwa simu saa nane usiku, na akapokea bila kufoka, heri kijana abaki wodini.

Mlezi naye tumfikirie. Tangu Aprili 2010 vituo na hospitali zetu nchi nzima hupata fedha kulingana na huduma zilizotolewa: mgonjwa aliyeonwa, mama aliyezalishwa, mtoto aliyechanjwa. Mpango huo umeleta mengi mazuri. Lakini nusu saa ambayo daktari mkuu ameitumia kukaa kwenye kibao na kumfundisha tarajali kuuliza swali moja, ni nani anaihesabu? Mremeshakiyago aliyeacha kupalilia maharage yake siku nzima kuwatembeza wanafunzi, anapewa nini, soda? Mkono mtupu haulambwi. Tukitaka wazee wawili wamlee daktari, wote wawili waandikwe kwenye bajeti, na wa mlimani asiwe wa mwisho.

Kuna jambo moja lisilohitaji mfadhili. Mafunzo yanapokwisha kuna fomu ya tathmini. Daktari mkuu anajaza: maarifa, nidhamu, kuwahi kazini, saini, mhuri. Ongezeni mistari mitatu, ijazwe na mhudumu wa afya wa mlima ambako kijana alipelekwa. Alisalimia kabla ya kuanza kuuliza? Baada ya ziara ya kwanza alirudi? Akihitimu, ungependa apangiwe huku? Na kama mhudumu kalamu si kazi yake, asimulie kwa mdomo, aandike tarajali wa zamu inayofuata, naye atakuwa anasikia.